Sema Ulichogusa

Kuna jibu ambalo kila mtu wa IT amewahi kulisikia: "Mimi sijagusa kitu." Mfumo umegoma saa nne asubuhi, wateja wamejaa kaunta, mhasibu mkuu anapiga simu kwa mara ya tatu, na kijana aliyebadilisha mpangilio wa rauta nusu saa iliyopita amesimama na wenzake akitazama skrini, naye anauliza imekuwaje. Wenzake wanakagua kebo, wanahamia kwenye swichi, wanampigia mtoa huduma wa intaneti na kumlaumu bure, wanazima na kuwasha seva ambayo haikuwa na tatizo lolote. Asubuhi nzima inaishia kwenye jambo ambalo mmoja wao analijua.

Nasaha yangu leo ni kwa kijana huyo, kisha kwa bosi wake.

Kukosea kwenyewe hakunisumbui. Aliyepewa mamlaka ya kubadilisha mfumo amepewa pia uwezo wa kuuharibu, na hatari hiyo tunaipokea siku tunapomkabidhi nenosiri. Linaloniuma ni uongo unaofuata, kwa sababu kazi yetu ya kutafuta hitilafu inategemea neno la mtu. Mfumo uliokuwa mzima jana ukilala leo, swali la kwanza la fundi mzoefu ni hili: nini kimebadilika? Majibu ndiyo yanayomwonyesha pa kuanzia na pa kupita. Ukisema hujagusa rauta, wenzako wanaiondoa rauta kwenye hesabu kwa sababu wanakuamini. Umewafungia mlango uleule waliokuwa wakiutafuta, tena umeufunga kwa kutumia imani yao kwako.

Wapo waliofanya kinyume. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, alikuwa akihangaika na seva ya akiba iliyoshindwa kwenda sambamba na kanzidata kuu. Alitaka kufuta data iliyokuwa kwenye seva ya akiba ili aanze kunakili upya. Amri ya kufuta akaiandika kwenye seva kuu. Alizinduka baada ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha, lakini gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimekwenda, zimebaki 4.5. Walipokimbilia chelezo, wakakuta nakala za kila siku hazikuwa zikitengenezwa kwa sababu matoleo mawili ya programu hayakulingana, na barua pepe za kuwaonya kuhusu tatizo hilo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya hapo, kwa ajili ya majaribio.

Kampuni haikuficha lolote. Waraka wa kazi wa usiku ule uliwekwa wazi kwa yeyote kuusoma, kazi ya kurejesha data ikaonyeshwa moja kwa moja YouTube, na baadaye ikatolewa taarifa ndefu iliyoeleza kila hatua bila kumtaja mhandisi kwa jina. Data ya saa hizo sita ilipotea moja kwa moja, na hilo pia walilisema. Ningependa kila ofisi yenye seva isome taarifa ile, hasa sehemu ya chelezo. Kosa la mtu mmoja lilidumu sekunde mbili. Kosa la chelezo lilikuwa la ofisi nzima, na lilikuwa limekaa pale kimya likiwangoja. Kama mhandisi yule angesema hajagusa kitu, usiku ule wangeumaliza wakimsaka mdukuzi ambaye hayupo.

Najua utakachonijibu. Huko ni kwao. Huku kwetu mkataba ni wa miezi sita, wadogo zako wanasubiri ada, na ukikiri unaonyeshwa mlango. Sitakudanganya: wapo wakuu watakaokufukuza kwa kusema kweli. Lakini pima pia upande wa pili. Ukinyamaza, kosa halipotei. Linatafuta wa kulibeba, na kwa kawaida linamwangukia asiyeweza kujitetea: mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, au karani wa kaunta ambaye hesabu zake za jioni hazilingani na hajui kwa nini.

Hapo ndipo ninapotaka utulie, maana jambo hili lilishawahi kutokea kwa kiwango cha kutisha. Nchini Uingereza, Shirika la Posta lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, kutoka kampuni ya Fujitsu, mwaka 1999. Mfumo ulikuwa na hitilafu. Ulionyesha upungufu wa fedha ambazo hazikuwa zimepotea. Wasimamizi wa posta ndogo za mitaani na vijijini walipiga simu kituo cha msaada, na wengi wao wamesimulia kwamba waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na kuandika hesabu za uongo. Wapo waliofungwa, wapo waliouza nyumba kuziba pengo ambalo halikuwapo, wapo waliokufa bila kusafishwa majina yao. Mahakama Kuu ilithibitisha hitilafu hizo Desemba 2019, na sheria za kufuta hukumu zikapitishwa mwaka 2024. Januari mwaka huo, kiongozi wa Fujitsu barani Ulaya alikiri mbele ya wabunge kwamba hitilafu zilijulikana tangu siku za mwanzo.

Zilijulikana. Watu wa kazi hii hii yetu, wenye skrini na kumbukumbu za mfumo mbele yao, walijua, huku mama wa posta ya kijijini akisimama kizimbani.

Basi karani akikupigia simu akilia kwamba mfumo unamwonyesha upungufu wa laki mbili, usimwambie "umekosea kuingiza" kabla hujafungua kumbukumbu za mfumo na kuzisoma. Usimwambie yuko peke yake kama hujauliza matawi mengine. Na kama hujui, mwambie hujui bado, kisha mwandikie hivyo, ili awe na karatasi mkononi siku atakapoitwa na mkaguzi. Katika kazi yetu sentensi moja ya mtaalamu inaweza kumfunga mtu, kwa sababu hakimu na meneja hawawezi kuingia kwenye seva kuangalia wenyewe.

Na ukikosea wewe, jinsi ya kusema si ngumu. Taja saa, taja mashine, taja amri uliyoandika, taja ulichokiona baadaye: "Saa nane na dakika kumi nimesasisha programu kwenye seva ya mishahara. Tangu hapo haifunguki. Nakala ya jana ninayo." Usijitetee humo wala usijitukane, vyote viwili vinawachelewesha wanaotaka kurekebisha. Na usiguse kumbukumbu za mfumo kwa nia ya kujisafisha. Ukizifuta, umetoka kwenye kosa ukaingia kwenye hila, na hapo mimi mwenyewe nisingekutetea.

Sasa wewe bosi. Ukimya wa ofisi yako umeulea mwenyewe, kidogo kidogo, kila mara ulipoingia chumba cha seva ukiuliza "nani?" Uliza kilichotokea. Jina litakuja lenyewe likiona halitasulubiwa. Aliyekiri mweke katikati ya kazi ya kurekebisha, maana ndiye anayejua zaidi hatua za mwisho zilikuwa zipi, na kumtoa nje ni hasara yako. Mfumo ukishasimama, kaa naye na wenzake mtazame kwa nini amri moja iliweza kuangusha kila kitu, na kwa nini hakuna aliyewahi kujaribu kurejesha chelezo. Kesho yake usimfanye hadithi ya kantini. Na fomu za tathmini zitakapofika mwisho wa mwaka, utakapoanza kuandika mstari wa uaminifu, kumbuka ni nani alikupigia simu kabla wewe hujaanza kuuliza.