Umeungama kwa Padre, Je, Nyumbani?



Kuna neno linalosikika katika nyumba nyingi za Wakristo, hasa baada ya Kwaresima. Bwana aliuza ng'ombe wa maziwa bila kumwambia mkewe, na fedha zikaishia kwenye pombe. Akaenda kwa padre, akaungama, akaondolewa dhambi. Siku mkewe anapouliza fedha ziko wapi, anajibiwa: "Mambo hayo nimeyamaliza na Mungu. Mungu amenisamehe, wewe ni nani usinisamehe?" Akina mama nao hawakosi. Mmoja amekopa fedha za chama kwa siri, na akiulizwa anasema ameshatubu, yaliyopita yamepita.

Je, msomaji, watu hawa wametubu kweli?

Neno "kutubu" tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Aliyepotea njia anaweza kusimama akalia sana, lakini asipogeuka na kuanza kutembea bado amepotea. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha matendo matatu ya mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Mawili ya kwanza tunayajua. Hilo la tatu wengi wetu tunadhani ni zile Salamu Maria tatu tunazopewa na padre, tunazozisema haraka haraka tukitoka kanisani. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaeleza katika namba 1459 kwamba dhambi nyingi humdhuru jirani, na kwamba lazima tufanye tuwezalo kuyarekebisha madhara hayo: kurudisha kilichoibiwa, kusafisha jina la tuliyemsingizia, kumfidia tuliyemwumiza. Maondoleo huifuta dhambi, lakini hayaondoi vurugu yote iliyoletwa na dhambi hiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiyatilie shaka maondoleo uliyopewa. Mungu amekusamehe kweli. Ila ng'ombe hajarudi zizini, na watoto wanakunywa chai ya rangi. Mwambie mkeo bei uliyomwuzia, bila kupunguza hata shilingi. Kisha kila mwisho wa mwezi weka kiasi mlichokubaliana mpaka ng'ombe mwingine apatikane. Dawa ya deni ni kulipa.

Mtazameni Zakayo, mkuu wa watoza ushuru pale Yeriko (Luka 19). Watu husahau kwamba Yesu hakumdai kitu. Alimwita tu ashuke mkuyuni, akajialika kwake. Neema ilitangulia, wokovu haununuliwi kwa kulipa madeni. Lakini neema ile ilipoingia, Zakayo alisimama mwenyewe akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Torati, katika kitabu cha Hesabu sura ya 5, ilimtaka mwenye kuungama kosa arudishe alichochukua na kuongeza sehemu moja ya tano tu. Kulipa mara nne kulikuwa adhabu ya mwizi wa kondoo. Zakayo alijihukumu kama mwizi, wala hakutafuta njia rahisi. Ndipo Bwana akasema kwamba siku hiyo wokovu umefika katika nyumba ile. Aliitaja nyumba! Injili haituambii kama Zakayo alikuwa na mke. Kama alikuwa naye, nadhani mama huyo alishtuka kusikia nusu ya mali inaondoka, lakini usiku ule alilala karibu na mtu mwingine kabisa.

Majirani zetu hutuuliza, "Umeokoka?" Tusiwadharau. Ule uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 na kuenea mpaka kwetu Kenya ulijulikana kwa watu waliorudisha mali waliyoiba na kulipa madeni ya zamani. Katika hilo walishika jambo ambalo sisi Wakatoliki tunalo katika Katekisimu na hatulifanyi.

Sasa lile swali gumu la uzinzi. Je, aliyeungama kwa padre ni lazima amweleze mwenzake? Ili maondoleo yawe halali, Kanisa halimdai hivyo, na padre mwenyewe hawezi kamwe kutoboa siri ya maungamo. Tena wako wanaoeleza kila kitu usiku mmoja ili watue mzigo wao na kumtwika mwenzao. Huko ni kujihurumia. Lakini yapo mambo ambayo huna haki ya kuyaficha. Kama huenda umeleta virusi vya UKIMWI, mwenzako ana haki ya kujua kabla hujarudi kitandani. Nendeni mkapimwe pamoja. Siku hizi dawa zipo, na anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake. Na kama kuna mtoto huko nje, Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama, wawe wameoana au hawajaoana. Karo yake itatoka katika mfuko huo huo wa nyumbani. Utailipa kwa siri miaka mingapi? Juu ya uzinzi utaongeza uongo kila muhula. Mtafuteni padre, au bwana na bibi mnaowaheshimu katika jumuiya, wakae nanyi siku ya kulisema.

Nawe uliyekosewa, nisikusahau. Kusamehe na kuamini si kitu kimoja. Unaweza kusamehe leo, na imani ikachukua mwaka mzima kurudi. Usikubali kuambiwa kwamba hujasamehe kwa sababu bado unauliza fedha zilikwenda wapi. Lakini deni la Zakayo lilikuwa na hesabu, mara nne basi. Kama mwenzako amelipa, usimfufue ng'ombe yule yule kila mnapogombana.

Kwa anayepigwa, mambo ni tofauti, na nasema wazi kwa sababu wengine wamewashauri wake vibaya kwa jina la msamaha. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inamruhusu aliye katika hatari kubwa ya mwili au roho kumwacha mwenzake akae mbali naye, na kama kungoja ni hatari, anaweza kuondoka kwanza bila kungoja uamuzi wa askofu. Kifungo cha ndoa kinabaki. Ni kuishi pamoja kunakosimama, mpaka hatari iishe. Serikali nayo ilitunga sheria mwaka 2015 ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kumkataza anayepiga asikukaribie. Mwone padre wa parokia yako na mtu wa jumuiya unayemwamini, uwaonyeshe alama kama zipo, na watoto uende nao.