Mbwa Hana Kesi

Rafiki yako amekuja kukutembelea na mbwa wake. Wako, dume ambaye hajawahi kukusumbua kwa mambo ya choo, anamnusa mgeni, anazunguka kochi, anainua mguu. Kabla ya kuuliza utamfanya nini, hebu tuulize hili: kwani amekosa?

Wengi wetu tutasema ndiyo. Ana wivu. Ni madharau. Amefanya makusudi, tena mbele ya watu. Basi slipa inavuliwa.

Lakini angalia alichofanya. Hakumaliza haja, aliacha matone machache tu, mahali palipo wima, usawa wa pua ya mbwa mwenzake. Kwa mbwa, mkojo ni barua: unasema mimi ni nani, ni dume au jike. Harufu ngeni imeingia kwake, naye ameweka sahihi. Kila asubuhi anafanya hivyohivyo kwa mti ulio kando ya geti, na hakuna anayemsema. Sheria ya kwamba mti ni sawa na kochi ni haramu tumeitunga sisi, tulipomleta kuishi fleti.

“Lakini anajua! Si uone vile anaficha macho.” Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz, wa Marekani, alichapisha jaribio kuhusu sura hiyo. Mbwa walikatazwa kula kipande cha chakula, kisha wenyewe wakatoka chumbani. Waliporudi, wengine walidanganywa kuhusu kilichotokea. Sura ya hatia ilionekana zaidi mbwa alipokemewa, awe amekula au hajala. Tunachokiita majuto ni mbwa anayesoma hasira yetu.

Ili lawama iwe ya haki, anayelaumiwa lazima awe aliijua sheria na angeweza kuifuata. Ukimpiga mbwa dakika kumi baadaye, haunganishi kipigo na kochi. Anachojifunza ni kukuogopa wewe, au kumchukia mgeni. Hiyo si adhabu, ni hasira imetafuta pa kutua.

Je, uache nyumba inuke? Hapana, bana. Ila kazi inamwangukia anayeelewa, na kwa hiyo nyumba ni wewe. Mbwa wakutane nje kwanza, watembee pamoja kabla ya kuingia. Ndani, mshike kwa kamba na umtazame. Akianza kunusa kona, mwite, mtoe nje, na akikojoa huko msifu. Palipolowa safisha kwa dawa yenye vimeng'enya. Epuka yenye amonia, maana kwa pua yake inakaribiana na mkojo. Na akianza tabia hii ghafla hata bila mgeni, mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda anaumwa.

Na kumhasi? Husaidia kwa madume wengi, si wote. Hapa ndipo mambo huwa magumu, kwa sababu unaukata mwili wa asiyeweza kukubali wala kukataa. Kama ni ili asizae watoto watakaozurura mtaani bila mwenyewe, una hoja nzito. Kama ni kwa ajili ya kochi tu, anza na kamba na kitambaa. Wahenga walisema mtoto akinyea kiganja, hakikatwi. Kinaoshwa, na anayeosha ni mwenye mkono.