Vazi Linalodaiwa Kuwa Bubu

Kanuni za mavazi kazini, yaani masharti anayowekewa mfanyakazi kuhusu nguo, nywele na mapambo yake, hutetewa mara nyingi kwa hoja kwamba ofisi si mahali pa mtu kujinadi. Ndani ya hoja hiyo mna dhana isiyotamkwa, kwamba kuna mavazi yanayosema na mengine yaliyo bubu, na kwamba mtumishi akivaa hayo yaliyo bubu ataiacha nafsi yake mlangoni, aingie na kazi peke yake. Kofia ngumu ya mjenzi na glavu za mpasuaji hazimo katika mjadala huu, maana hizo hulinda mwili. Kinachohojiwa ni lile vazi linaloamriwa kwa jina la heshima.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana sababu ya kuitilia shaka dhana ya vazi bubu. Kanga ina pindo pande zote, ina mji, ndio uwanja wake wa kati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa upande wa chini wa mji huo, ambayo mnunuzi huyasoma dukani kwa makini kabla ya kutoa fedha. Mwanamke anayepita mbele ya baraza ya jirani aliyemsengenya, jina likiwa limekaa sawasawa nyuma yake, amekwisha kusema alichotaka kusema, na akiulizwa atajibu kwamba hiyo ni nguo tu. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe: kanga ni kauli ambayo msemaji wake anaweza kuikana, na uwezo huo wa kusema na kukana kwa pamoja haukuishia kwenye kanga. Suti nyeusi na tai navyo husema, vikataja elimu, cheo, na hata historia ya nani aliyemfundisha nani kuvaa, kisha mwenye ofisi huvijibia kwamba hizo ni nguo za kazi tu.

Mnamo Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku bungeni suti ya Kaunda, ile isiyovaliwa na tai na yenye jina la rais wa kwanza wa Zambia, pamoja na mavazi ya asili ya Kiafrika, akawataka wanaume wavae koti, shati la kola na mikono mirefu, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Nusu karne kabla yake, katika Zaire ya Mobutu Sese Seko, amri ilielekea upande wa pili: tai ndiyo iliyokatazwa, na mahali pake pakawekwa abacost, koti ambalo jina lake limefinyangwa kutokana na maneno ya Kifaransa ya kuikataa suti. Amri hizi zinapingana katika kila kifungo, lakini zote zinakiri kwamba tai inasema, kwa kuwa hakuna mtawala anayehangaika kuamuru wala kukataza kitu kilicho bubu. Kosa lao pia ni moja, tena ni zito kwa sababu linamgusa mtu mwilini: kila mmoja aliichukua kauli aliyoipenda akaiita utulivu, na kauli za wengine akaziita kelele.

Mwajiri ana haki ya kudai sare inayotaja kazi, ili mgonjwa amtambue muuguzi. Haki hiyo haifiki kwenye vazi linalotaja thamani ya mtu, kama ilivyokuwa Zanzibar ya karne ya 19, ambako vitambaa vya merikani na kaniki vilimtambulisha mtumwa, na ambako wanawake, baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, walizikimbilia kanga.

Kwenye milango ya ofisi nyingi za umma nchini Tanzania hubandikwa picha za mavazi yasiyotakiwa, na sharti humbana hata aliyefuata huduma. Mwanamke aliyezuiwa kwa sababu ya sketi fupi huazima kanga kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, akajifunga, na mlinzi akaridhika kwamba sasa amesitirika. Naye hupanda ngazi hadi dirishani akiwa amevaa maneno ya mtu mwingine, na foleni nzima iliyo nyuma yake inayasoma.