Mzazi na Kijana Aliyebaleghe: Namna ya Kusema na Namna ya Kusikiliza

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na ahli zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu wa Kiislamu, akina baba na akina mama. Mmoja wenu humuuliza mwanawe alfajiri: Umesali? Adhuhuri humuuliza: Umerudi? Magharibi: Umesoma? Na baada ya Isha: Hujaizima simu hiyo bado? Maswali manne, na majibu yake ni ndiyo, ndiyo, ndiyo, na sasa hivi. Kisha siku imekwisha, na baba akiweka kichwa chake juu ya mto anajihesabu kuwa amezungumza na mwanawe. Nami nasema hakuzungumza naye. Amemkagua, kama anavyokagua afisa wa forodha masanduku ya wasafiri.

Tazameni jinsi sheria yetu ilivyoupambanua umri wa mtoto. Katika Suratun-Nur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa ya kuingia kwa wazazi wao katika nyakati 3: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Sala ya Isha. Na katika aya ya 59 inayofuata, mtoto huyo akishabaleghe, basi huomba ruhusa wakati wote kama wanavyoomba watu wazima. Hukumu imebadilika kwa usiku mmoja. Jana kalamu ilikuwa haimwandikii, leo inamwandikia. Sala ikimpita atalipa, saumu akiivunja atalipa. Amekuwa mukallaf, mwenye kuulizwa na Mola wake moja kwa moja, wala baba yake hatajibu kwa niaba yake.

Je, ulimi wetu nao umebadilika siku hiyo? Wengi wetu tunaendelea kumsemesha kijana wa miaka 16 kwa maneno yale yale tuliyomsemesha alipokuwa na miaka 6, isipokuwa sauti imepanda. Tunamtaka abebe amana ya mtu mzima, walakin hatumpi maneno ya mtu mzima.

Neno la Kiarabu "bunayya", ambalo maana yake ni mwanangu mdogo kwa njia ya mapenzi, baba kumwita nalo mwana mmoja, limekuja katika Qur'ani mahali 6, kwa ndimi za baba 4: Nuhu, Ibrahim, Yaaqub na Luqman. Na mwenye kuyazingatia mahali hayo ataona kwamba hakuna hata pamoja ambapo baba amelitamka neno hilo kwa kufoka. Luqman amelitamka mara 3, na karibu kila alichomwamrisha au kumkataza mwanawe, alimfuatishia sababu yake. Alimkataza shirki, akamwambia kwa nini. Alimkataza majivuno, akamwambia kwa nini. Alimtaka ateremshe sauti, akampigia mfano wa punda ili aelewe. Hakumwambia: kwa sababu mimi ni baba yako. Nasi mara nyingi hiyo ndiyo sababu pekee tuliyobaki nayo mfukoni.

Yaaqub alijiwa na mwanawe Yusuf akiwa na ndoto ya ajabu: nyota, jua na mwezi vinamsujudia. Fikirini kijana wa leo aingie sebuleni na maneno kama hayo wakati wa taarifa ya habari. Yaaqub hakucheka wala hakumwambia aende akalale. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akampa nasaha ya kumkinga na husuda ya nduguze. Na kabla ya jibu la baba kuna jambo wengi hulipita: Yusuf alijua pa kuipeleka ndoto yake. Kijana haanzi kumwambia baba mambo makubwa siku yanapotokea. Huanza kwa madogo, nayo yakipokewa vizuri, makubwa huyafuata.

Ama Ibrahim, jambo lake ni zito zaidi, na natamani kila baba alisome polepole. Suratus-Saffat, aya ya 102. Mwana amefika umri wa kwenda huku na huku pamoja na baba yake katika kazi, na huo ndio umri wa vijana tunaowazungumzia. Baba amepewa katika usingizi amri isiyo na mfano wake, ya kumchinja mwanawe huyo. Ndoto za Manabii ni wahyi, na amri imekwisha pita. Hata hivyo alimweleza mwanawe aliyoyaona, kisha akamtaka atazame na aseme rai yake. Lau kuna baba aliyekuwa na haki ya kusema tu "twende", basi ni huyo. Lakini alimuuliza. Na kwa kuwa aliulizwa, mwana alitii kwa moyo wake mwenyewe, si kwa kuburutwa. Nasi tunawahamisha watoto wetu skuli, mji, hata nchi, kutoka Maskati kwenda Leicester au kutoka Dar es Salaam kwenda Dubai, na wao hupata habari pale wanapoona masanduku yametolewa.

Wala asiseme mtu kwamba shauri ni la wavulana tu. Katika Suratul-Qasas, aya ya 26, binti mmoja wa mzee wa Madyan ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri Musa, akamtajia na sifa mbili za mfanyakazi anayefaa, nguvu na uaminifu. Na aya inayofuata yaonyesha kuwa mzee aliifanyia kazi rai ya binti yake.

Kisha mtazameni Mtume wetu (S.A.W.). Anas bin Malik alipelekwa kumtumikia akiwa mtoto wa kiasi cha miaka 10, akakaa naye miaka 10. Basi hesabuni: ule ndio ujana wake wote, kuanzia utoto mpaka kuwa mwanamume. Na Anas mwenyewe amesimulia kwamba katika muda huo hakusikia kwake hata neno la kuonyesha kuchoshwa, wala hakuulizwa kwa lawama kwa nini umefanya hili au kwa nini umeliacha lile. Na huyo alikuwa mtumishi, si mwana wa kuzaa.

Nilikaa katika kiti cha ukadhi miaka mingi, na nimesikiliza kesi za talaka, mirathi na walezi. Lakini jambo nitakalolieleza sasa lilinijia baada ya kustaafu, nyumbani kwangu. Baba mmoja alikuja usiku baada ya Isha na simu ya binti yake mkononi. Binti alikuwa na miaka 16. Baba ameipata namba ya siri kutoka kwa mdogo wake binti, akaifungua simu mwenyewe amelala, na sasa anataka fatwa ya kumtoa skuli. Akaanza kunisomea. Nikamwambia aizime, kwani siri ya binti yake si halali yangu. Nikamuuliza: Je, kuna mwanamume humo? Akasema hakuna. Kuna la haramu? Hakuna. Kuna nini basi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: Analalamika kwa rafiki yake. Anasema nyumbani haulizwi kitu ila matokeo ya mitihani, na kwamba anaumwa kila mwezi na hajui amwambie nani.

Nikamwambia: Fatwa unayoitaka sina. Nina suala. Maneno hayo alistahiki kuyasikia nani kabla ya huyo rafiki?

Zamani katika pwani ya Afrika Mashariki msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima aliyemfundisha tohara, usafi, haya na mambo ya unyumba. Desturi ile ilikuwa na mengine ndani yake yasiyokubaliana na sheria, nami siiombei irudi ilivyokuwa. Walakin kazi ilifanyika. Leo katika nyumba ya ghorofani Dubai au Abu Dhabi hakuna somo. Shangazi yuko Pemba, bibi yuko Maskati, na mama anaona haya. Basi simu ndiyo iliyokuwa somo. Mama Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kwa hivyo mama aseme na binti yake, na baba aseme na mwanawe wa kiume kuhusu janaba na yanayohusiana nayo, kwa maneno ya heshima ambayo lugha yetu inayo ya kutosha.

Ama suala la kuichungulia simu ya kijana, kwa kuwa naulizwa kila mara, nitalijibu kwa namna ninavyoona. Kupeleleza kumekatazwa katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, na kuwakinga watu wa nyumba yako na Moto kumeamrishwa katika Suratut-Tahrim, aya ya 6. Hayo mawili hayagongani. Mtoto ambaye hajabaleghe, simu ni ya baba, naye huifungua apendapo. Aliyebaleghe, masharti husemwa waziwazi kabla ya simu kununuliwa, kwa mfano kwamba simu zote za nyumba, na ya baba ikiwemo, hulala sebuleni. Na pakitokea dalili ya nguvu ya hatari, kijana huulizwa uso kwa uso, na simu hufunguliwa naye yupo. Kuiiba usiku ni kumfundisha kuficha vizuri zaidi.

Na hatari ipo. Wako watu wanaowatisha vijana kwa picha au maneno yao na kuwataka fedha au mabaya zaidi. Oman ina sheria ya makosa ya mitandao tangu mwaka 2011, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 12/2011, nayo inawaadhibu wenye kutisha kwa njia hiyo. Lakini sheria humfikia mhalifu pale mtu anaposhitaki. Mwenye kutisha hategemea picha peke yake, hutegemea hofu ya kijana kwamba baba akijua, nyumba itawaka moto. Kijana anayejua kwamba baba atasikiliza kwanza na kukasirika baadaye, huyo ameshamponyoka mhalifu nusu ya njia.

Liko pia suala la lugha. Bibi anasema Kiswahili, baba anachanganya, na watoto wanafikiri kwa Kiarabu au kwa Kiingereza. Kijana akijaribu Kiswahili akakosea ngeli, meza nzima humcheka, na siku hiyo ndiyo ya mwisho yeye kujaribu. Mwenyezi Mungu hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie, kama ilivyo katika Suratu Ibrahim, aya ya 4. Na Sheikh Nuruddin As-Salimi (Mungu amrehemu), aliyefariki mwaka 1914 na kuacha vitabu vikubwa ambavyo wanavyuoni huvirejea mpaka leo, hakuona kuwa ni kujishusha kuandika Talqinus-Sibyan kwa ajili ya watoto. Mwacheni kijana aseme kwa lugha inayomtoa yaliyomo moyoni. Mjibuni kwa Kiswahili taratibu, nacho kitamwingia bila ya kicheko.

Mtaniambia: Sheikh, wakati hatuna. Najua. Oman siku za mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013, na serikali ya Imarati tangu mwaka 2022 hupumzika kuanzia adhuhuri ya Ijumaa mpaka Jumapili. Baba anayefanya kazi Dubai na watoto wake wanasoma Oman hubakiwa na Jumamosi moja kamili ya kukutana nao, na njia ya mpakani imo ndani yake. Basi hiyo Jumamosi isiliwe na soko na harusi yote. Kaeni kwenye sinia moja. Mtume (S.A.W.) alipomwona Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwake, mkono wake ukizunguka huku na huku katika chombo, alimfundisha mambo matatu kwa maneno machache: kumtaja Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Chakula kikaendelea. Sisi kosa kama hilo hulifanyia hotuba mpaka wali ukapoa.

Nisiwasahau wazazi waliokwisha yafanya haya yote, na kijana wao akageuza uso. Wako, na wengine ni watu wema kuliko mimi. Nabii Nuhu alimwita mwanawe na mawimbi yamekwisha kuwa kama milima, na mwana amejitenga. Hata saa ile hakumtukana wala hakumkumbusha miaka ya nyuma. Alimwita kwa neno lile lile la mapenzi, apande pamoja nao. Mwana akachagua mlima. Lililokuwa juu ya baba ni kuita, na aliita mpaka wimbi lilipoingia baina yao.

Kwa hivyo mwenye kijana aliyekwenda masomoni London au Houston na hapokei simu, ampigie tena Jumamosi. Akipokea, asianze na suala la sala, nayo wataifikia inshaallah. Amsalimie, kisha amuulize amekula nini leo, na asubiri jibu.

Wabillahi tawfiq.