Nipe Mji

Walimu wenzangu, acheni kuuogopa mchezo! Mnahofu mwalimu mkuu akipita dirishani akasikia vicheko atadhani hakuna kinachofundishwa. Apite. Akipenda aingie, ategewe naye kitendawili.

Programu ya Kahoot, ya kuchezea maswali darasani, ilitoka Norway mwaka 2013, nayo ni nzuri. Mwenye intaneti na aitumie. Lakini wewe mwenye watoto 80, ubao mmoja na umeme wa kubahatisha, umerithi kitendawili, na hujakosa kitu. Ita tu “Kitendawili!” uone nani atanyamaza. Wataitika wote “Tega!”, hata yule ambaye tangu Januari hajanyoosha kidole.

Basi watege hesabu. “Tu ndugu wawili, tukijumlishwa ni 12, tukizidishwa ni 35.” Mmoja atasema 6 na 6. Darasa litazidisha, litapata 36, litaguna kwa pamoja kwa kulikosa jibu kwa moja tu. Lisikilizeni guno hilo! Ni la watoto wanaotaka kujua, na hakuna fimbo iliyowahi kulitoa. Mwingine atajaribu 8 na 4, apate 32, na wote wataona wanazidi kuwa mbali, kwa hiyo warudi karibu na sita. Wakishindwa kabisa, mtegaji adai mji. Wampe Kigoma, naye asifumbue mpaka awatembeze Kigoma: Ziwa Tanganyika, mawese, reli itokayo Dar es Salaam na kukomea hapo. Kipindi cha hesabu kimezaa jiografia, na hakuna aliyeambiwa afungue kitabu.

Aliyeshindwa hapo amelipa mji, akabaki mchezoni, na kitendawili kinachofuata ni chake pia. Nguvu yote ya mchezo iko hapo, walimu, na ndipo tunapouharibu! Tunabandika ukutani majina kuanzia wa kwanza hadi wa 80, tunasema tunawapa motisha. Tunampa nani? Watano wa juu. Wa 80 anakutana na jina lake kila asubuhi, na kila asubuhi anajifunza jambo moja, kwamba yeye ni wa mwisho. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja kumi bora. Wewe unangoja nini? Ibandue karatasi hiyo leo!

Na pipi ziacheni dukani. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha habari za watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakachora na wakakipata. Baadaye, walipoachwa wachague wenyewe, walichora muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Mtoto anayependa hesabu usimnunue, tafadhali.

Mpe bao. Chimbeni mashimo 32 chini ya mwembe, tafuteni komwe 64 ziwe kete. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na kabla hajazitawanya hana budi kuhesabu kichwani ya mwisho itaangukia shimo gani. Mwambieni alitaje shimo hilo kwa sauti kwanza, ndipo acheze. Akikosea, kete zenyewe zitamwonyesha, wala hazitamcheka. Wazee wetu barazani wamepiga hesabu hizi miaka nenda miaka rudi bila kupewa nyota ya karatasi.

Vitendawili vikishazoeleka, waachieni watoto watunge vyao. Hapo ndipo mtaona makubwa, kwa sababu hakuna awezaye kutunga kitendawili cha sehemu kabla hajazielewa sehemu. Na mkitaka kujua nani bado hajaelewa, sikilizeni kitendawili kinachokataa kufumbuka. Mkae nao kitako, wawategee na ninyi. Wakiwashinda, toeni mji palepale, mbele ya darasa zima, na muwaache wautembee mpaka waridhike.