Koki ya Dukani

Sahibu yangu alipohamia ndani ya boti yake kwenye hori ya Kilifi, sisi wa kulipa kodi ya nyumba kila mwezi tulimwonea wivu. Ilikuwa boti ya tanga, ya faiba, futi 31, yenye mkuku mrefu. Aliinunua kwa mgeni mmoja aliyechoka na bahari akarudi kwao. Mlingoti mzima, matanga mazima, injini ilikohoa kidogo asubuhi kisha ikatulia. Kilichomkera ni chumba. "Ni kama godauni," alikuwa akisema. "Mtu hawezi kukaribisha wageni hapa."

Basi akaanza kutengeneza. Na mkono wa kazi alikuwa nao, sikatai. Jumamosi hii sola juu ya shetri, ijayo taa za kitandani. Kilichomtia fahari zaidi ni rafu ya vitabu ya mvule, ndefu, imeganda ubavuni kutoka kitandani hadi jikoni, na ubao mwembamba mbele ili vitabu visimwagike boti ikilala upande. Aliipiga randa humo humo ndani. Maranda aliyakusanya, ila mengine yalipenya kwenye nyufa za sakafu yakaangukia ngamani. Nani hutazama ngama wakati mvule unang'aa mbele ya macho?

Halafu ikaja sinki. Alitaka kuosha vyombo kwa maji ya bahari ili aokoe yale matamu aliyoyabeba kwa madumu. Kulikuwa na tundu la zamani ubavuni, la inchi 1, nusu mita hivi chini ya usawa wa maji, nalo lilihitaji koki mpya. Dukani mjini palikuwa na koki nzuri ya njano inayometa, ya kufungia bomba la nyumbani. Akainunua. Ile ya boti ingebidi iagizwe Mombasa, isubiriwe, na bei yake ilimfanya acheke.

Koki ile ilikuwa ya brasi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Kwenye maji ya bomba huishi miaka. Kwenye maji ya chumvi, zinki hunyonywa kidogo kidogo, na kinachobaki ni shaba yenye vitundu kama sifongo. Umbo halibadiliki. Ukiitazama utaapa ni nzima. Ndiyo maana watu wa boti hutumia bronzi, ambayo ni shaba na bati. Sahibu yangu aliyajua haya baadaye, kama tulivyoyajua wengi wetu. Mwaka uliofuata aliona unyevu na ukungu wa kijani shingoni mwa koki. Akachukua spana, akaikaza.

Usiku mmoja wa bamvua, saa nane, aliteremsha miguu kitandani akakanyaga maji. Akachovya kidole, akaonja: chumvi. Ingekuwa mvua tu, angerudi kulala. Akapapasa hadi jikoni, akaishika koki aifunge, nayo ikamkatikia mkononi. Ukipiga hesabu, tundu la inchi 1 kwenye kina kile huingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika, madebe mawili na nusu na ushei. Na pampu ya kutoa maji ngamani? Pampu ilikuwa kimya. Swichi yake ya boya ilikuwa imekwama chini, imeshikwa na maranda ya mvule.

Alisukumia tambara, likatemwa. Mkono wake ukagusa kikapu cha sokoni, akatoa muhogo mbichi, akauingiza ncha kwanza na kuugongea kwa kisigino cha kiatu. Ukashika. Alikaa hapo hadi alfajiri, akifua maji kwa sufuria.

Siku ya pili, maji yakiwa bado ya bamvua, tuliipandisha boti mchangani. Hapa pwani maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo ukiiweka magadi vizuri yanapoanza kupwa, unapata saa chache za kufanya kazi chini yake. Tulimwita mzee mmoja fundi wa majahazi, mtu wa Lamu aliyezeekea kwenye kalafati. Tukamwamkia. Aliigeuza ile koki iliyovunjika akatuonyesha mvunjiko: si wa njano tena, ni wa rangi ya waridi, unasagika kwa ukucha.

"Mwanangu," alimwambia, "jahazi lina tundu moja la chini, la nguruzi, na nahodha halali kabla ya kuijua nguruzi iko wapi. Wewe una mangapi?"

Sahibu yangu akahesabu kwa vidole. Matatu.

Mzee akachonga vizibo vitatu vya mti laini, ule unaovimba ukilowa, kila kimoja kimechongoka mbele. Akavifunga kwa kamba, kimoja kando ya kila koki. Kisha akamwamuru alale kitandani, afumbe macho, ainuke avishike vyote bila kutazama. Cha chini ya ngazi alikishika. Cha chooni alikishika, baada ya kujigonga goti. Cha tatu, cha jikoni, mkono ulipapasa ukasimama. Rafu ya mvule ilikuwa imekikinga.

Mzee akaomba msumeno.