BARIDI YA NAKURU NA FATWA YA ASIYEJUA

Ndugu yetu mmoja wa hapa pwani alikwenda Nakuru mwezi wa Machi kwa shughuli zake. Mchana aliona jua kali, akadhani usiku utakuwa kama wa kwao, akalala kwa shuka. Alfajiri ikamkuta ana janaba, na maji ya tangi ni kama barafu. Akachelea, akatayamamu, akasali. Mwenziwe akamlaumu mbele ya watu, ati ni uvivu tu, kwani Nakuru iko karibu na ikweta, na huko hapawezi kuwa na baridi ya kudhuru. Tangu siku hiyo hawasemezani. Ametuuliza: Je, sala yake ni sahihi?

Twasema, na kwa Mwenyezi Mungu twaomba taufiki: Mwenye kuhukumu yampasa kwanza aijue hali ya jambo lenyewe.

Sisi watu wa pwani tumezoea bahari. Maji yake hupata moto polepole na kupoa polepole, na unyevu wa hewa yetu huzuia joto la mchana lisitoke upesi usiku. Ndiyo maana Mombasa mwezi wa Machi mchana hufika kiasi cha nyuzi 32, na usiku hazishuki sana chini ya 24. Ama Nakuru iko mbali na bahari, nayo imeinuka kiasi cha mita 1,850 juu yake. Hewa ya huko ni nyepesi na kavu. Jua likitoka, ardhi hupata moto kwa haraka; likichwa, na mbingu ikiwa haina mawingu, joto hupanda likapotea, na hewa baridi huteremka kutoka miteremko ya Menengai. Basi mchana wa Machi hufika nyuzi 27 au 28, na kabla ya alfajiri hushuka hata 10 hivi. Masika yakiingia, mawingu huufunika usiku kama blanketi, na tofauti ile hupungua. Ikweta peke yake si hoja: Mlima Kenya uko papo hapo kwenye ikweta, na kileleni mwake huanguka theluji.

Sharia haikuighafilikia hali hii. Amr bin Al-As (R.A.), katika vita vya Dhatus-Salasil mwaka wa 8 wa Hijra, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali. Akakhofu kuangamia akioga, akatayamamu, akawasalisha wenziwe. Mtume (S.A.W.) alipomwuliza, alitoa hoja kwa Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa, inayokataza watu kujiua. Mtume akacheka, wala hakumkemea. Ameipokea Abu Daud.

Lakini ruhusa hii ina mipaka. Kuyachukia maji ya baridi si udhuru. Udhuru ni khofu ya madhara ya kweli, pamoja na kukosa njia ya kuyapasha maji moto. Nyuzi 10 mtu mwenye afya huzistahimili. Mzee au mgonjwa wa kifua huenda asizistahimili. Wala mtu asidhani kuwa kuyapasha maji kwapunguza thawabu, kwani Sayyidna Umar (R.A.) alitawadha kwa maji ya moto.

Basi ndugu yetu na aiulize nafsi yake. Ikiwa alikhofu madhara kwa kuujua mwili wake, na hakupata jiko wala kuni, tayamamu yake ni sahihi. Na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii, ailipe sala ile. Wako wanavyuoni wengine wasiomlazimisha kulipa, kwa kuwa Amr hakuamrishwa kulipa. Na ikiwa jiko lilikuwa chumba cha pili naye akaona haya kuuliza, hiyo ni taksiri yake, na kulipa kwamlazimu.

Ama mwenziwe, kosa lake ni kubwa zaidi. Zamani za Mtume, mtu aliyejeruhiwa kichwani aliambiwa na wenziwe kuwa hana ruhusa ya kutayamamu; akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) akawalaani wale waliompa fatwa, akabainisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Naye huyu alipima baridi ya bara kwa joto la pwani, na udhuru wa mwenziwe kwa nguvu za mwili wake mwenyewe. Na aende akamtake radhi.

Nanyi mnaopeleka watoto kusoma huko, msidanganywe na jua la mchana: wapeni blanketi na sweta. Na wenye kusimamia misikiti ya bara, kuwawekea wasafiri birika la maji ya moto alfajiri ni sadaka kubwa.

Wallahu aalam.